Miaka 60 ya Carthage

Desemba 1966, jijini Tunis, Tahar Cheriaa alianzisha Tamasha la Filamu la Carthage kwa shabaha moja: filamu za Waarabu na za Waafrika zipate jukwaa lao, zitazamwe na watu wao, zisingoje kwanza kauli ya Ulaya. Tuzo kuu ya kwanza ya tamasha hilo, Tanit ya Dhahabu, ilikwenda kwa Ousmane Sembène wa Senegal, kwa filamu ya kisa cha Diouana, binti wa Dakar anayepelekwa Ufaransa kulea watoto, akageuzwa mtumwa wa jikoni hadi akajiua. Mwaka huu tamasha linatimiza miaka 60, na kisa hicho hakijachakaa. Mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania walionyang'anywa pasipoti katika nyumba za Ghuba watakitambua mara moja. Tunaipa heko Carthage kwa kuanza na Diouana.

Mwaka tunaoupenda kuliko yote ni 1972, ambapo tuzo kuu iligawiwa filamu mbili. Katika Sambizanga ya Sarah Maldoror, Maria, mtoto mgongoni, anakwenda gereza hadi gereza akimtafuta mumewe aliyekamatwa na Wareno nchini Angola. Filamu ya pili, ya Mmisri Tewfik Saleh, inatokana na riwaya ya Mpalestina Ghassan Kanafani: watu watatu wanajificha ndani ya tangi tupu la lori la maji ili wavuke kuingia Kuwait. Dereva anacheleweshwa mpakani na makarani wanaotaka porojo, huku jua linalichoma tangi. Katika riwaya, hakusikiki hodi yoyote. Saleh aliwafanya wagonge kwa nguvu zao zote, lakini viyoyozi vya ofisi vinanguruma na hakuna anayesikia. Kuzituza Angola na Palestina pamoja, miaka mitatu kabla ya uhuru wa Angola, ulikuwa uamuzi wa kisiasa, na ulikuwa wa haki.

Novemba 2015 bomu liliua walinzi 12 wa rais katikati ya Tunis, tamasha likiendelea. Tamasha halikusitishwa. Mwaka uleule filamu za tamasha zilipelekwa magerezani, wafungwa nao wakawa watazamaji. Ndiyo maana tulisikitika serikali ilipolifuta tamasha la 2023 kwa ajili ya vita vya Gaza. Nia ilikuwa kuwaunga mkono Wapalestina, lakini huo ndio hasa wakati ambao filamu zao zilistahili kujaza kumbi.

Sisi wa Kiswahili nasi tuna deni la shukrani kwa Carthage. Mwaka 2022 Tanit ya Dhahabu ilikuja Tanzania, kwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu mapenzi na harakati za Zanzibar chini ya Mwingereza.

Lakini Cheriaa hakupigania tuzo peke yake. Alishikilia kwamba mwenye usambazaji ndiye mwenye sinema, na kwa kuzikabili kampuni za nje zilizoshika soko la Tunisia alionja jela. Kazi hiyo haijakwisha. Filamu inashangiliwa Tunis, kisha haifiki Khartoum wala Mwanza. Tunaitaka Carthage, pamoja na serikali zetu, iweke mkataba: kila filamu inayotwaa Tanit ionyeshwe katika kumbi za nchi zote zilizoshiriki, ikiwa na tafsiri chini ya picha, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.