Sarakasi za Angani Huanzia Chini

Wako watu wanaodhani kwamba mashindano ya sarakasi za vieropleni, vile vinavyoongozwa kwa redio na mtu aliyesimama chini, ni mashindano ya mifuko. Mwenye pesa hununua eropleni kubwa yenye mabawa ya mita 2 au zaidi; asiye nazo husimama kando akimtazama. Mimi sikubaliani na fikira hiyo. Ndiyo inayowaweka wengi wenye hamu nje ya uwanja mwaka baada ya mwaka, wakingojea eropleni bora kuliko waliyo nayo.

Hebu tuzitazame kanuni zenyewe. Chama cha IMAC, kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1974, hushindanisha marubani wa namna hii katika madaraja 5. Daraja la chini, liitwalo Basic, limewekwa kwa ajili ya wageni. Madaraja ya juu hudai eropleni iliyo mfano wa eropleni halisi ya sarakasi, lakini katika Basic mtu huja na yoyote aliyo nayo, mradi iwe salama. Tena mgeni haguswi na ule mtihani wa ghafula, ambapo wakubwa hupewa mpango wasioujua na kukatazwa kuujaribu angani kabla ya zamu yao. Yeye mpango wake huujua mapema. Basi udhuru uko wapi?

Waamuzi nao hawaulizi bei. Kila zoezi hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, kisha alama hizo huzidishwa kwa namba ya ugumu wake. Kila nyuzi 5 za kupotoka hukatwa nusu alama. Rubani akifanya zoezi lisiloandikwa, hupata sufuri.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme kuna mazoezi 10, na kila moja lina ugumu wa 10. Mtu wa kawaida anayepata 7 katika yote hutoka na 700. Fundi anayepata 8 katika mazoezi 8, kisha akayasahau mawili, hutoka na 640. Fundi ameshindwa, na wala si eropleni iliyomshinda.

Ni maoni yangu, basi, kwamba maandalizi hasa hayamo dukani. Ni kama kwaya zetu katika tamasha la muziki la shule: wote huimba wimbo mmoja wa lazima, na mwamuzi hasikilizi sare za waimbaji. Rubani naye ana wimbo wake wa lazima, ulioandikwa kwa alama alizozipanga Mhispania José Luis Aresti. Mstari mzima ni kuruka kawaida. Mstari wa vipande vipande ni kuruka kichwa chini, miguu juu. Mwenye busara huchukua kieropleni cha mbao mkononi, akatembea nacho uwanjani, akipinda na kubiringisha mkono mpaka mpango mzima umkae kichwani. Mafuta hayatumiki, wala hakuna kinachovunjika.

Baada ya hapo ndipo aruke, na asichague asubuhi tulivu peke yake. Upepo husukuma duara likawa yai, na mwamuzi anataka kuona duara. Siku ya mashindano upepo haumngojei mtu.

Jambo la tatu ni msomaji, yule mwenzake anayesimama karibu naye na kumtajia zoezi linalofuata. Nyani haoni kundule. Rubani huamini kwamba mstari wake umenyooka, na kwamba mbiringiko wake umekaa katikati ya mstari huo. Anayeona kwamba sivyo ni huyo mwenzake. Basi amchague mtu wa kumwambia kweli, si wa kumpigia makofi.

Wapo watakaosema kwamba ninawahimiza watu wasiokomaa kwenda kuwaangukia wenzao vichwani. Hoja hiyo ina uzito. Eropleni ya kilo kadhaa yenye rafadha inayozunguka kwa kasi si mchezo wa mtoto. Asiyeweza kutua salama upepo ukivuma ubavuni, na angoje. Na kabla ya kuruka kila mtu akague skrubu na betri, kisha ajaribu redio kutoka mbali, eropleni ikiwa ingali chini. Lakini kungojea ujuzi ni jambo moja, na kungojea utajiri ni jingine.

Anayekwenda mara ya kwanza asiende kutafuta kikombe. Aende kumaliza mpango wake bila sufuri, arudi nyumbani na karatasi ya alama. Karatasi hiyo itamwonyesha zoezi kwa zoezi alipopotoka, na hakuna duka linaloiuza. Shime, walio na eropleni za kawaida na wajiandikishe!