Viatu vya Masika

Mwezi Mei 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda hata yakaingia katika Bandari ya Bujumbura. Kwa askari wa zamu, mchukuzi au mama aendaye sokoni wakati kama huo, kiatu si pambo bali ni kinga.

Kandambili hunasa matopeni, na hazimkingi mtu na misumari iliyofichwa na maji. Buti za mpira zafaa zaidi, mradi soli iwe na meno. Zipimwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, pamoja na soksi nzito. Lakini maji yakipita ukingo wa buti, huijaza ikawa mzigo. Na katika maji yaendayo kasi, mzigo huo huweza kumwangusha mtu. Hapo busara ni kurudi nyuma.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, maelfu ya askari waliharibikiwa miguu kwa kukaa na buti zilizolowa mahandakini. Hata Bujumbura isiyo na baridi kali, ngozi iliyolowa kutwa huchubuka na kuingiwa na fangasi. Soksi zibadilishwe, na mguu ukaushwe hadi katikati ya vidole. Kiatu cha ngozi kijazwe magazeti makuukuu na kuanikwa kivulini, kwani moto huipasua ngozi.

Mafuriko ya Februari 2014 yaliukumba mji huo usiku. Kwa hiyo, kila jioni ya mvua, viatu vya kufunga kwa kamba vya kila mmoja, watoto wakiwemo, viwekwe juu ya kiti karibu na kitanda, pamoja na soksi kavu na tochi.