MAMBO YA ULIMWENGU: Kura ya Siri na Kura ya Wazi

Hapana mkulima katika sehemu za Roret asiyejua maana ya kura. Huchagua mbunge, huchagua wakurugenzi wa kiwanda cha chai, huchagua halmashauri ya ushirika wa maziwa. Lakini ni wachache waliopata kuuliza jinsi mataifa yenyewe yapigavyo kura yakutanapo katika mabaraza yao makubwa, na kama katika desturi zao limo jambo linalomfaa mtu wa kijijini. Habari ifuatayo yaonyesha kwamba limo.

Mwezi wa Aprili, mwaka wa 2025, mzee mmoja mkulima wa chai alikuwa ameketi na mpwa wake katika kituo cha kupimia majani, wakingojea gari la kiwanda lililokawia kwa sababu ya matope. Mpwa huyo ni karani, na mzee alimwita amwandikie barua. Katika mkutano mkuu wa ushirika wao wa maziwa mzee aligombea uenyekiti. Wanachama 40 walimwahidi kura zao, wengine kwa kumshika mkono kabisa. Karatasi zilipohesabiwa alipata 23 tu, akashindwa. Sasa alitaka ushirika uache karatasi na kufuata mlolongo, kila mwanachama asimame nyuma ya amtakaye, ili, kwa maneno yake, waongo waonekane kwa macho.

"Mjomba, barua nitaiandika," karani alimwambia. "Lakini hao 17 waliokuacha si wa kwanza duniani. Wakuu wa nchi nao hufanya vivyo hivyo."

"Unasema habari za Addis Ababa," mzee alijibu kwa uchungu. "Mtu wetu aliongoza mara mbili, kisha akanyang'anywa."

Karani alimweleza polepole. Tarehe 15 Februari, 2025, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana mjini Addis Ababa kumchagua Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja huo. Wagombea walikuwa watatu: Bwana Raila Odinga wa Kenya, ambaye alifariki dunia mwezi wa Oktoba mwaka huo huo; Bwana Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti; na Bwana Richard Randriamandato wa Madagaska. Nchi wanachama ni 55, lakini sita zilikuwa zimesimamishwa, kwa hiyo zilizokuwa na haki ya kupiga kura ni 49. Sheria yataka mshindi apate theluthi mbili, yaani kura 33.

Katika duru ya kwanza Bwana Odinga alipata kura 20, Bwana Youssouf 18, na Bwana Randriamandato 10. Duru ya pili ilikuwa 22, 19 na 7. Katika duru ya tatu mambo yaligeuka: Djibouti 23, Kenya 20, Madagaska 5, na yule wa mwisho akaondoka. Wawili waliobaki walishindana hata duru ya sita, ambapo Bwana Youssouf alikuwa na kura 26 na Bwana Odinga 22. Hapo Mkenya aliondoka, na katika duru ya saba Bwana Youssouf, akiwa peke yake, alipata kura 33, kiasi kile kile kilichotakiwa, wala si zaidi.

"Basi umeona, mjomba," karani alisema. "Kuongoza duru ya kwanza kwa kura 20 ni kuwa na upungufu wa kura 13. Mtu wetu hakunyang'anywa kitu. Hakuwa amekipata bado."

"Na nani waliomwacha?"

Hapana ajuaye kwa hakika. Ilijulikana kwamba Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika iliwaomba wanachama wake wamuunge mkono mgombea wa Madagaska. Inajulikana pia kwamba Djibouti hutumia Kifaransa na Kiarabu, na kwamba ni mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, ambamo nchi kadhaa za Afrika zimo. Watu wakakisia kutokana na hayo. Lakini karatasi haikuwa na jina, na kila mkuu wa nchi alirudi kwao na siri yake.

Mzee alipiga fimbo chini. "Ndiyo maana nataka mlolongo!"

Karani hakubishana naye, bali alimkumbusha kisa cha nyuma kidogo. Mwezi wa Agosti, 2019, mabalozi wa Afrika waliichagua Kenya kwa kura 37 dhidi ya 13 za Djibouti, iwe mgombea wa bara zima wa kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Djibouti haikukubali, ikaendelea kugombea. Tarehe 17 Juni, 2020, Baraza Kuu lilipiga kura ya siri. Kenya ilipata 113 na Djibouti 78, hali zilihitajika 128. Siku ya pili kura ikarudiwa. Kenya ikapata 129, Djibouti 62. Kenya ikaingia kwa kuzidi kiasi kilichotakiwa kwa kura moja tu.

"Hesabu, mjomba. Kutoka 78 hata 62 ni kura ngapi?"

"Ni 16."

"Na kutoka 113 hata 129?"

"Ni 16 vile vile."

"Kura 16 zilihama kwa usiku mmoja. Yamkini baadhi ya wenye kura hizo walikuwa wameiahidi Djibouti kwa mkono. Siku ile hapakuwa na mtu hapa Roret aliyewaita waongo."

Mzee alicheka bila kupenda, akanyamaza.

Yafaa msomaji afahamu kwamba si kila kura ya mataifa ni ya siri. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lenye wanachama 193, iko desturi ya namna mbili. Linapochaguliwa taifa au mtu kushika kiti, kura huwa ya siri. Linapoamuliwa jambo, kura huwa ya wazi: mjumbe hubonyeza kitufe mezani pake, na taa huwaka ubaoni mbele ya wote, kijani kwa kukubali, nyekundu kwa kukataa, na manjano kwa kujizuia. Jina la nchi na kura yake huandikwa na kuhifadhiwa. Tena mambo mengi hupitishwa bila kura kabisa, kwa mazungumzo hata watu wakubaliane, kama wazee wa Kipsigis walivyozoea katika kokwet.

Mfano wa kura ya wazi ni ule wa tarehe 2 Machi, 2022, juu ya vita vya Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliitaka Urusi iondoe majeshi yake, 5 zilikataa, 35 zilijizuia, na 12 hazikupiga kura. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa na nchi sita. Kenya na Rwanda zilikubali azimio. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Uganda ilieleza kwamba ilikuwa karibu kushika uongozi wa nchi zisizofungamana na upande wowote, na kwa hiyo ilipaswa kukaa katikati. Tarehe 7 Aprili ya mwaka huo huo ilipigwa kura ya kuisimamisha Urusi katika Baraza la Haki za Binadamu. Safari hii Kenya nayo ilijizuia. Waliokubali walikuwa 93, waliokataa 24, waliojizuia 58. Azimio likapita, kwa sababu theluthi mbili huhesabiwa kwa waliosema ndiyo au siyo tu, aliyejizuia hahesabiwi.

Katika kura ya namna hii mwananchi wa Kenya au wa Tanzania aweza kuiuliza serikali yake: mbona mlisema hivi mwezi wa Machi, na vile mwezi wa Aprili? Aweza kuuliza kwa sababu aliona.

"Sasa unanisaidia mimi," mzee alisema. "Kama kura ya wazi yafaa kwa mambo, mbona isifae kwa watu?"

"Kwa sababu ya nguvu, mjomba. Katika Baraza Kuu na katika Umoja wa Afrika kila nchi ina kura moja, kama katika ushirika wetu, ambamo mwenye ng'ombe mmoja ni sawa na mwenye ishirini. Djibouti yenye watu kama milioni moja ni sawa na Nigeria yenye zaidi ya milioni 200. Lakini usawa huo huishia kwenye karatasi. Nje ya mlango mkubwa ni mkubwa, na mdogo ana madeni."

Tena yako mabaraza ambayo hayadai usawa huo. Shirika la Fedha la Kimataifa huhesabu kura kwa kadiri ya mafungu, kama kampuni; Marekani peke yake ina zaidi ya kura 16 katika kila 100, na kwa kuwa maamuzi makubwa yataka 85, yaweza kuyazuia bila msaada wa mtu. Katika Baraza la Usalama mataifa matano yana kura ya turufu. Mwaka wa 1981 Bwana Salim Ahmed Salim wa Tanzania aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa akiungwa mkono na Afrika. Marekani ikamzuia mara kwa mara, na China ikamzuia mpinzani wake, Bwana Kurt Waldheim, hata wote wawili wakakaa kando na kazi ikaenda kwa Bwana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

"Mwezi uliopita," karani aliendelea, "serikali ya Sudan ilikataza bidhaa zote za Kenya, pamoja na chai hii unayoiona kikapuni, kwa kuchukizwa na mkutano ambao wapinzani wake wenye silaha waliufanya Nairobi mwezi wa Februari. Ikiwa mkutano mmoja wafunga soko, fikiri ingekuwaje kama kila nchi ndogo ingemchagua mtu huku inatazamwa na anayeidai. Katika ushirika wetu yuko mjane aliyekopeshwa mbolea na jirani yake tajiri. Ukileta mlolongo, jirani akagombea, mama huyo atasimama nyuma ya nani?"

Mzee hakujibu upesi. Mvua ilikuwa imekatika. Mwishowe alisema kwa sauti ndogo kwamba mwaka wa 1988, katika uteuzi wa chama cha KANU, watu walipopangwa mstari, yeye mwenyewe alisimama nyuma ya mtu asiyemtaka. Aliyempenda alikuwa na watu wachache, chifu alikuwa akitazama, na ada ya shule ya mtoto wake ilikuwa haijalipwa.

"Kumbe hata mimi ni mwongo," alisema.

"La, mjomba. Hukupewa mahali pa kusema kweli."

"Na hao 17?"

"Ulikwenda nyumbani kwao ukawaomba uso kwa uso. Mtu atamwambiaje mzee kama wewe 'sikutaki' hali amekuletea chai?"

Gari la kiwanda lilisikika likipanda mlima. Kabla halijafika, mzee alitoa kalamu mfukoni akampa mpwa wake, akamwambia aandike hivi: kwamba uchaguzi wa halmashauri ya ushirika uendelee kwa karatasi ya siri, lakini kwamba bei ya maziwa, mikopo na hesabu za mwaka ziamuliwe kwa kuinua mikono, na majina ya waliokubali, waliokataa na waliojizuia yaandikwe katika kitabu ambacho kila mwanachama ataruhusiwa kukisoma.

"Na chini yake?" karani aliuliza.

"Jina langu," mzee alisema. "Hiyo ni ya wazi."

Kisha akaondoka kwenda kupimisha majani yake.