Kristo Hakuanzia Bethlehemu

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha pili habari za Yesu zaanzia wapi, naye aghalabu atakujibu kuwa zaanzia Bethlehemu, penye hori na wachungaji wa usiku. Jibu hilo litampa alama katika mtihani. Walakini Injili ya Yohana haianzii hapo hata kidogo. Yaanzia kabla ya jua na mwezi kuwako, ikimtaja Neno ambaye kwa yeye kila kitu kilifanyika.

Mwalimu wa Kiswahili na atue kidogo hapa. Katika sarufi yetu, neno ni la ngeli ya LI-YA, na sikio latarajia kusikia “lilikuwako”. Wafasiri wa Biblia ya Union, iliyotoka mwaka wa 1952, waliandika “alikuwako”. Mwanafunzi akiandika hivyo katika insha yake atapigwa mstari mwekundu, lakini wafasiri wale walijua walitendalo. Katika Kiyunani, Logos ni nomino ya jinsi ya kiume, kwa hiyo upatanisho wake haumshtui msomaji. Kiswahili humshtua. Nathubutu kusema kuwa kiambishi hicho kimoja chatufundisha zaidi ya mahubiri mengi: aliyekuwako mwanzo ni Nafsi, si sauti tu wala kanuni.

Jambo hili lilizua ugomvi mkubwa. Arius, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kuwa Mwana ni kiumbe, na kwamba kabla ya kuumbwa hakuwako. Mtaguso wa Nikea wa mwaka wa 325 uliikataa kauli hiyo. Athanasius, aliyeupinga uzushi huo maisha yake yote, alikuwa na hoja ambayo hadi leo sijaona iliyoishinda: anayeufanya ulimwengu kuwa mpya ndiye yule yule aliyeufanya hapo kwanza. Muumba na Mwokozi wangalikuwa wawili, wokovu ungalikuwa ni kutoroka duniani. Kwa kuwa ni mmoja, basi mito na udongo ni mali ya Yule tunayemwita Bwana kila Jumapili.

Lakini twaishi kana kwamba Arius alishinda. Twajiita wapita njia katika dunia hii, na mpita njia hafagii ua wa mwenyeji wake.

Tazama yaliyotokea Molo mwezi wa Julai 2023. Rais alitangaza katika ibada kwamba marufuku ya kukata miti, iliyowekwa mwaka wa 2018, imeondolewa. Hoja zake zilikuwa na uzito: miti iliyokomaa yaoza msituni, na vijana hawana kazi. Tena mti wa shamba la mbao hupandwa ili ukatwe, sibishi. Linalonishughulisha ni kuwa jambo hilo lilitamkwa ndani ya ibada ya Muumba wa miti hiyo, na waliokwenda mahakamani kulipinga wakawa Chama cha Wanasheria wa Kenya. Kwa nini iwe kazi ya mawakili peke yao? Marehemu Wangari Maathai alipigwa katika msitu wa Karura mnamo Januari 1999 akijaribu kupanda mche. Sijui ni Wakristo wangapi waliona siku ile kuwa imani yao imeguswa.

Kuna watakaosema haya ni ya mwalimu wa sayansi, kisha waanze kubishana juu ya umri wa dunia. Ubishi huo siuingii. Yohana hasemi dunia ina miaka mingapi. Asema ni ya nani. Mwalimu wa biolojia anayeeleza jinsi mzizi unavyoshika udongo hamnyang'anyi mwenzake wa somo la Dini kipindi chake. Wote wawili wasomesha kazi ya mkono mmoja.

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya taifa ya kupanda miti, na tangu hapo shule nyingi zimepanda miche kwa shangwe, mgeni wa heshima akipigwa picha na jembe. Mwalimu wa Dini na awatoe wanafunzi wake nje kipindi kimoja, Injili ya Yohana mkononi, wakahesabu ni mingapi ingali hai. Wakaichukue na ndoo ya maji.