Maji Yaliyozidi Mashineni
Masika haya jirani yetu alitupa amana ya mayai 30 tumwangulie mashineni. Siku ya 21 walitoka vifaranga 9 tu. Tulipoyapasua yaliyobaki, tuliwakuta vifaranga waliokamilika, wamelowa, wamefia ndani. Kosa ni letu: tulivijaza maji vyombo vyote kana kwamba tuko bara, ilhali hewa ya pwani imeshiba unyevu. Yai lisipopoteza maji ya kutosha, nafasi ya hewa kwenye upande butu hubaki finyu, na kifaranga hukosa pumzi. Sasa twaweka unyevu wa asilimia 45 hadi 50, twayamulika mayai kwa kurunzi siku ya 7, 14 na 18, kisha twaupandisha hadi 65 siku tatu za mwisho, bila kufungua kifuniko. Jirani tumemlipa mayai yake.