Ulimi wa Mha Si Ushahidi wa Ugeni

Mtumishi wa umma anayehamishiwa Kibondo au Kasulu hufika na barua ya uhamisho mfukoni, akasahau kwamba amefika pia akiwa mgeni. Barua ile humpa kiti na meza; haimpi ruhusa ya kuwadharau wenyeji. Hata hivyo wapo watumishi ambao, mara wasikiapo Kiha, hukunja uso na kuuliza: "Wewe ni Mrundi?"

Swali hilo si la mzaha. Katika nyanda hizi za mpakani, laweza kumfanya mwananchi ashinde ofisini akitakiwa kuthibitisha uraia wake, huku mwenziwe mwenye lafudhi ya pwani akihudumiwa bila kuhojiwa. Huo si uangalifu wa kazi. Ni majivuno yaliyovikwa joho la sheria.

Ni kweli kwamba Kiha na Kirundi ni lugha za ukoo mmoja, na wasemaji wake huelewana. Lakini kosa si la Mha. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana koloni la Wajerumani: Urundi ikawa ya Wabelgiji, Buha ikabaki Tanganyika chini ya Waingereza. Waliochora mpaka hawakuuliza watu huamkiana kwa lugha gani. Ni Waha hao hao waliochukuliwa manamba kwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, kama yale ya Tanga. Nchi iliyokula jasho lao haiwezi leo kuukataa ulimi wao.

Watasema watetezi wa tabia hii kwamba usalama unadai tahadhari, kwa kuwa wilaya hizi zimepokea wakimbizi wengi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na tangu mwaka 2015 Warundi wengi waliingia humo na katika kambi ya Nduta, Kibondo. Tahadhari ni wajibu, hakuna abishaye. Lakini uraia huthibitishwa kwa sheria, kumbukumbu na ushahidi; hauthibitishwi kwa lafudhi. Tena mkimbizi naye ni mtu. Hakuna sheria inayomnyima salamu.

Adabu ya lugha hudai subira. Mzee aliyelelewa kuamkia kwa kuinama na kupiga makofi ya taratibu hapotezi muda wa ofisi. Anampa mwenzake heshima. Kumkatiza kwa "sema shida yako" ni kumtukana. Na aliyejifunza Kiswahili ukubwani, akasema "nataka" penye "naomba", hakukosa adabu. Amekosa neno tu. Mwalimu naye amsahihishe mtoto bila kumfanya kichekesho cha darasa, kwa maana mtoto anayechekwa hujifunza kunyamaza, wala hajifunzi Kiswahili.

Ubaya huu huvuka mpaka pamoja na msafiri. Nchini Burundi, Kiswahili kwa miaka mingi kilihesabiwa kuwa lugha ya mijini na ya wachuuzi, na wako waliokitilia shaka kuwa lugha ya wajanja. Mtanzania anayevuka Mabamba au Manyovu, akaamrisha watu kwa Kiswahili kana kwamba kila mtu analazimika kumwelewa, huithibitisha shaka hiyo. Angejifunza maamkizi machache ya Kirundi, angekisaidia Kiswahili kuliko hotuba mia.

Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakikubali kuwa lugha yake ya kazi. Fahari hiyo ni tupu ikiwa huko Addis Ababa Kiswahili kinaunganisha mataifa, na katika dirisha la ofisi Kasulu kinatumika kama fimbo ya kumchapia mkulima.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno na dharau. Katazo hilo halijachakaa. Mtumishi aliyepangiwa Buha na ajifunze kuamkia kwa Kiha, asikilize hadi mwisho, na penye kutoelewana atafute mkalimani badala ya kutafuta kosa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji aaibike.