Probox si jina la injini, na 17 si amri ya Mungu

Nilipotea kidogo, nilikuwa huku nyumbani Longisa. Leo nimerudi na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Duka moja la spea hapa, kwenye barabara ya kutoka Bomet kwenda Narok, liliniomba programu ndogo ya kuweka kumbukumbu za magari ya wateja. Nikaweka nafasi ya nambari ya chasisi na sharti moja: lazima herufi na tarakimu zifike 17, la sivyo programu inakataa. Nilijiona mtaalamu.

Karani akakuta karibu kila gari linakataliwa. Hakunipigia simu. Alianza kujazia sufuri mpaka zitimie 17! Programu ikaridhika, nami nikalala usingizi mzuri.

Kisha mteja anayebeba maziwa kwa Probox akahitaji krenkishafti. Ile nambari iliyojaa sufuri haikumsaidia mtu, basi duka likaagiza Nairobi kwa jina tu: "ya Probox". Ikaja ya injini ya lita 1.5. Gari lake ni la 1.3. Gari likalala siku tisa, na maziwa yakabebwa na bodaboda za kulipia. Hasara hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye kodi.

Najua waandishi wa programu wenzangu watasema nini: "Lakini 17 ni kiwango cha kimataifa!" Kweli. Kipo, kinaitwa ISO 3779, na Marekani ililazimisha nambari ya namna hiyo kuanzia magari ya modeli ya 1981. Hilux iliyoundwa Durban nayo inayo, inaanza na AHT. Lakini gari lililoundwa kuuzwa ndani ya Japani halina. Lina kodi ya modeli, kistari, kisha nambari ya mfululizo. Na magari ya mitumba ya Kenya yanatoka wapi kwa wingi? Japani! Tumenakili fomu ya watu wengine, kisha tunalaumu magari yetu kwa kutoenea ndani yake.

Kibaya zaidi, nambari hiyo "fupi" inasema mengi. NCP50 ni Probox yenye injini ya 2NZ-FE, cc 1298. NCP51 ina 1NZ-FE, karibu cc 1500. NCP55 ni hiyo hiyo ya 1500 lakini inavuta magurudumu yote manne. Silinda za injini hizo mbili zina upana sawa, milimita 75. Tofauti ni mwendo wa pistoni: 73.5 kwa ndogo, 84.7 kwa kubwa. Mwendo huo unaamuliwa na krenkishafti. Ndiyo maana ile ya maziwa haikuingia! Ongeza ya dizeli, 1ND-TV, na zile za umbo jipya la 2014 zenye 1NR-FE, halafu ya haibridi, 1NZ-FXE. Jina moja, injini tano. Sasa "ya Probox" maana yake nini?

Mzee mmoja fundi hapa sokoni hajawahi kugusa kompyuta. Ukimwambia "Probox" hakujibu. Anafungua boneti, anasoma kibati, kisha anasoma injini yenyewe, kwa sababu injini hubadilishwa na kibati hubaki. Huyo ndiye aliyepaswa kunifundisha kupanga data, si kitabu changu cha chuo.

Basi ndugu zangu mnaoandika programu za spea, bima au gereji, nawaomba mambo matatu. Andikeni nambari ya chasisi kama ilivyogongwa kwenye chuma, bila kuhesabu urefu. Kodi ya injini iwe na nafasi yake peke yake, pamoja na tarehe iliposomwa. Na jina la gari liwe la kumsaidia mtu kutafuta tu, lisitumike kuagizia kitu.

Mimi nimeshaondoa lile sharti. Sasa karani anatoa sufuri moja moja, akilinganisha na logibuku za wateja. Kila akitoa moja ananitazama. Ana haki.

Tuonane tena.